Nesi Aliyenifundisha Kusoma Sheria

Kilichonipeleka kwenye sheria ni kikao cha nidhamu. Mwalimu mwenzangu pale Tinde alituhumiwa utoro kazini. Alikuwa akimuuguza mama yake, na ruhusa aliiomba kwa mdomo, tena kwa mwalimu mkuu ambaye kufikia siku ya kikao alikuwa ameshahamishwa. Siku ya kikao alishindwa kusema. Akanigeukia mimi niliyekaa pembeni yake. Nikasimama, nikaeleza ninachokijua: nani alikuwepo alipoomba ruhusa, nani alishika vipindi vyake, na kwa nini darasa lake halikubaki nyuma. Alipewa onyo, mambo yakaishia hapo. Tulipokuwa tunatoka, mjumbe mmoja aliyetoka wilayani aliniambia, "Mwalimu, wewe ulitakiwa usome sheria."

Nadhani alikuwa ananisifu tu, kama mtu anavyomsifu mpishi baada ya kula. Mimi nililibeba neno lile hadi nyumbani.

Nilikuwa mama wa watoto wawili, na mume wangu alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji. Nilipomweleza, aliuliza swali moja: "Utaacha kufundisha?" Nikamwambia hapana, kipo chuo kinachosomesha watu wakiwa kazini kwao, na kituo chake kiko Shinyanga mjini. Akasema, "Basi soma." Hakuliongelea tena mpaka mwaka ulipokwisha.

Mwaka wenyewe ulinipiga vibaya. Nilisoma kama nilivyosoma ualimu: nilianza ukurasa wa kwanza, nikapigia mistari kila kitu, nikafika mwisho nikiwa nimechoka na sijashika chochote. Hukumu za mahakama ndizo zilizonitesa zaidi. Nilikuwa nasoma kurasa na kurasa za Kiingereza kizito, jaji anazunguka, anamnukuu jaji mwingine, anarudi, na mimi nageuza nyuma kutafuta nani alimshitaki nani. Tulipokutana kituoni kwa vipindi vya ana kwa ana, wenzangu walibadilishana madesa, yaani maelezo yaliyofupishwa na wanafunzi waliotangulia. Nikayachukua, nikayakariri. Mtihani wa sheria ya mikataba ulipokuja niliandika mpaka mkono ukauma. Nikafeli.

Siku ya kuchukua matokeo nilikaa kwenye benchi nje ya kituo. Mwanamke mmoja aliyekuwa amevaa sare za nesi, na sweta juu yake, alikuja kukaa karibu yangu kusubiri huduma. Nilimwamkia, kwa sababu alionekana kunizidi miaka kadhaa. Aliitikia, akaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mikataba?" aliuliza.

"Mikataba."

"Unalo swali na ulichojibu?"

Nilikuwa na jaribio la kipindi hicho, lililorudishwa likiwa limesahihishwa. Nikampa. Alikuwa mwaka wa tatu, mkunga katika hospitali moja hapo mjini, na baadaye niligundua kwamba husoma kila kitu vile alivyosoma lile jaribio langu: kimya, bila kuonyesha usoni anachofikiri. Alipomaliza alinirudishia.

"Wewe ni mwalimu," alisema.

"Umejuaje?"

"Umefundisha. Umeeleza mkataba ni nini, aina zake, na historia yake. Lakini swali limeleta mtu mwenye shida, linakuomba umshauri. Hukumshauri. Yule mtu ametoka kwako na shida yake ileile."

Sikupenda kuambiwa hivyo na mtu nisiyemjua, lakini nilimwomba namba ya simu.

Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu, nami nikamwita dada. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwenye simu alinipa jambo moja tu, na hakunipa la pili mpaka nimelifanya la kwanza. La kwanza kabisa lilikuwa kwamba nisisome hukumu yoyote kabla ya kujua nani anataka nini kutoka kwa nani. Niende kwanza mwisho wa hukumu, nijue nani ameshinda, halafu nirudi mwanzo nikiwa natafuta kitu kimoja: kwa nini ameshinda. Nikishakipata nikiandike kwa maneno yangu, kwa mistari michache, na nifunge kitabu.

Jumamosi moja alikuja Tinde kunitembelea, ikawa ni siku ya mnada wa mifugo. Nilikwenda naye kwa sababu nilitaka kununua mahitaji ya nyumbani. Upande wa ng'ombe palikuwa na watu wawili wanabishana. Mmoja alikuwa amemnunua mtamba kwenye mnada uliopita akiambiwa ana mimba, na sasa anasema mtamba hana mimba wala dalili zake. Watu waliwazunguka. Yule dada alinishika mkono, tukasimama karibu.

"Haya, Mwalimu," alininong'oneza. "Kuna nini hapa?"

"Ni maelezo ya uongo yaliyomfanya mtu aingie kwenye mkataba," nikasema, kwa Kiingereza cha kitabu.

"Sijakuuliza jina la ugonjwa. Nimekuuliza mgonjwa anataka nini."

Nikasikiliza tena. Mnunuzi alitaka kumrudisha ng'ombe. Muuzaji alisema yeye hakuapa, alisema tu kwamba alimwona dume akiwa naye.

"Sawa," dada akasema. "Sasa swali liko wapi?"

Nilifikiri kidogo. "Kama alisema ana mimba, au alisema anadhani ana mimba."

"Hapo sasa umeanza kusoma sheria."

Wale watu wawili hawakuhitaji sheria yetu. Wazee wa mnada waliwaita pembeni, wakapatana kwa namna yao. Sisi tulinunua nyanya na dagaa, tukarudi nyumbani, na njia nzima tulilijadili lile swali. Nikisema jambo, yeye alisimama upande wa pili. Nikihamia kwake, alihama. Tulikuwa tukiongea Kisukuma, na nilishangaa jinsi hoja zilivyonitoka.

"Ukigombana na mumeo unatumia lugha gani?" aliniuliza.

"Kisukuma."

"Basi anzia huko. Jenga hoja kwa lugha unayoitumia kugombana. Ikishasimama, ivushe kwa Kiingereza kifupi. Wewe unaanza kutafuta Kiingereza kabla hujajua unataka kusema nini."

Ushauri huo ulinisaidia kuliko kamusi zote. Nilirudia mtihani wa mikataba, nikafaulu. Sikufaulu kwa kishindo, lakini nilifaulu.

Mwaka wangu wa pili yeye alikuwa anamaliza. Alipata shahada nzuri, ya juu kabisa katika kundi lao pale kituoni. Wafanyakazi wenzake wa wodini walimfanyia sherehe ndogo, wakampamba kwa mashada ya maua ya karatasi. Mumewe, ambaye alikuwa fundi kwenye mgodi wa Mwadui na alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa wiki, alisimama akasema maneno machache, akashindwa kuyamaliza. Kisha dada akaomba likizo ya masomo, akaenda Dar es Salaam kwenye mafunzo ya uwakili.

Aliniachia ushauri wa miaka iliyobaki kwa mkupuo, stendi, akisubiri basi. Aliniambia nianze kupunguza. Mwaka wa kwanza mtu anakusanya; huko mbele anachagua. Nisichukue masomo kwa sababu mwalimu wake anatoa alama nyingi, nichukue yale nitakayoulizwa na watu wa kwetu: ardhi, ndoa, mirathi, kazi, madini. Na nikifika kwenye utafiti wa mwisho, nichague swali ninaloweza kulifikia kwa miguu.

"Kwa miguu?"

"Usiende kuandika mambo ya bahari," alisema, akapanda basi.

Hilo la mwisho sikulielewa mpaka nilipofika mwaka wa tatu. Kichwa cha utafiti wangu kilikuwa na mistari mitatu, kikihusu haki za jamii, mazingira, uwekezaji na maendeleo endelevu katika uchimbaji wa madini Afrika Mashariki. Msimamizi wangu alikirudisha na neno moja: "Wapi?" Nikakikata mara kadhaa mpaka kikabaki kitu kidogo: makubaliano ya mdomo kati ya mwenye shamba na wachimbaji wadogo wanaochimba ndani ya shamba lake. Dada yangu wa tumbo moja ameolewa Geita, kwa hiyo wakati wa likizo nilikwenda kukaa kwake.

Kwenye machimbo nilimpata mama mmoja mjane, ambaye wachimbaji walifungua maduara, yaani yale mashimo ya kuchimbia, kwenye shamba lake la mihogo. Walikuwa wamekubaliana kwamba kila wanapotoa mawe, yeye apate mifuko yake. Nilikaa naye kwenye kivuli cha turubai, kelele za karasha zikisaga mawe upande wa pili, na nikaanza na swali nililolitoa kitabuni.

"Mama, wakati mnakubaliana, kulikuwa na ridhaa huru?"

Alinitazama. "Sikuelewi, mwalimu. Unauliza kama nilipigwa?"

Nikafunga karatasi zangu. Nikamwomba anieleze siku ile ilivyokuwa, nani alikuja kwanza, walisimama wapi, alisema nini. Akaniambia yote, hata vitu ambavyo sikujua kwamba nilipaswa kuviuliza. Siku iliyofuata nilirudi kwa jirani zake.

Jioni ya siku hiyo nilimpigia dada simu Dar es Salaam kumsimulia, kwa sababu nilijua angecheka. Simu haikupokelewa. Nilijaribu tena kesho yake na keshokutwa. Mwisho mwanafunzi mwenzetu wa zamani aliniandikia kwamba matokeo ya mafunzo ya uwakili yametoka, na nesi wetu ameanguka masomo kadhaa na amesharudi Shinyanga.

Sikuamini. Nilipomaliza kazi Geita nilipanda basi kupitia Kahama. Lilipofika Tinde sikushuka. Nikaendelea hadi Shinyanga mjini, nikachukua bodaboda hadi kwake.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua karanga za kupikia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hakusimama. "Karibu, Mwalimu. Kuna kigoda kingine hapo."

Nilikaa nikachambua naye. Tuliongea habari za watoto, za mvua, za Geita. Nilimsimulia mama wa mihogo, akatabasamu kidogo. Karanga zilipokwisha ndipo alipoanza mwenyewe.

"Unajua nilichofanya? Kwenye kiapo nilibishana."

Wakati huo sikujua maana yake, akanieleza. Kiapo kinachopelekwa mahakamani ni cha mtu kusema anachokijua: nilikuwepo, niliona, niliambiwa na fulani. Hakuna hoja ndani yake. Yeye aliweka hoja, nzuri, zilizopangwa vizuri, kama alivyozoea kuandika na kusifiwa miaka yote ya shahada. Na sehemu ya uthibitisho mwishoni, pale mwenye kiapo anaposema yapi anayajua mwenyewe na yapi aliambiwa, aliiandika nusu. Hati za madai nazo zilikuwa hivyohivyo, ndefu na zenye akili, lakini zenye kasoro ambazo zingeifanya mahakama izitupe.

"Na kusimama?" niliuliza.

"Kwenye kesi za mazoezi waliniambia nipaze sauti. Kila siku, paza sauti. Miaka yote nimekaa na wanawake wenye uchungu, nimejifunza kushusha sauti. Siwezi kuipandisha tu kama redio." Alikung'uta maganda kwenye khanga yake. "Halafu wale vijana walikuwa wanasoma kwa makundi. Niliwaona kama wanangu. Nikasoma peke yangu, kama tulivyosoma huku. Huku kulinifaa. Kule hakukunifaa. Kila ngazi inakutaka uache kitu ulichosifiwa kwenye ngazi ya nyuma, na hakuna aliyeniambia."

"Utarudia?"

"Usiniulize leo."

Sikumuuliza. Nilikula naye michembe, nikarudi Tinde na basi la jioni.

Baada ya wiki kadhaa alipiga mwenyewe, akasema ameamua kurudia na hajui aanzie wapi. Nikamwambia kwamba mimi zile hati sizijui, lakini kusahihisha najua. Aandike kila siku hati moja kwa mkono, apige picha, anitumie. Mimi nitaweka kanuni na mfano wake pembeni, nikague kimoja kimoja kama ninavyokagua insha: kichwa cha mahakama kipo, majina ya wahusika yapo, aya zina namba, uthibitisho umekamilika. Nikiona neno lolote lenye harufu ya hoja ndani ya kiapo, nitalikata.

Mwanzoni alikasirika. "Hapo hujaelewa," aliniandikia mara ya kwanza nilipomkatia aya nzima. Nikamjibu kwamba inawezekana sijaelewa, lakini je, yule mwapaji aliliona jambo hilo kwa macho yake? Akatuma karatasi mpya.

Sauti tuliifanyia kazi darasani kwangu wakati wa likizo. Nilikaa kwenye dawati la mwisho, yeye akasimama mbele, ubaoni.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza.

"Sikusikii."

"Mheshimiwa Hakimu."

"Sijasikia bado, dada."

Aliweka karatasi mezani, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilimwacha. Aliporudi akaanza upya, na sauti ikawa ileile. Haikupanda siku hiyo. Ilipanda polepole, juma baada ya juma. Nilimwambia aache kufikiria sauti, afikirie kuwa pale nyuma kuna mama asiyesikia vizuri, anayehitaji kujua mwanawe anaendeleaje. Hilo ndilo lililomfaa. Akaacha kunong'ona na akaacha kupiga kelele; akaongea tu, na mimi nikasikia kila neno.

Alirudia mitihani. Alipita ile ya kusimama, akaanguka tena somo la kuandika hati. Aliporudia mara nyingine akapita. Habari hiyo alinipa kwa simu, mchana, mimi nikiwa natoka darasani.

"Nimepita, Mwalimu. Sasa naingia zamu, tutaongea."

Nilisimama na vumbi la chaki mikononi. Mwalimu mwenzangu, yuleyule wa kile kikao cha nidhamu, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana.

Dada aliacha unesi baada ya kuapishwa, akafungua ofisi ndogo Shinyanga, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mimi nikamaliza shahada mwaka uliofuata. Ile kazi ya Geita ilinipa alama nzuri kuliko somo lolote. Nikaenda ofisini kwake na fomu zangu za mafunzo ya uwakili, nikitarajia pongezi.

"Mwaka huu usiende," alisema.

"Unaona siwezi?"

"Naona hujakaa mahakamani."

"Nitakaa nikishakuwa wakili."

"Mimi nilifikiri hivyohivyo. Mwalimu, kaa mwaka mmoja. Kila likizo njoo hapa, uandike, uende mahakamani ukae nyuma, usikilize. Ukienda sasa, utaenda kujifunza. Wenzako watakuwa wanakwenda kuonyesha wanachokiweza."

Niliondoka bila kumuaga vizuri. Nyumbani nilimweleza mume wangu, nikitegemea atakuwa upande wangu. Alisikiliza akiwa anakunywa uji. "Aliwahi kukushauri vibaya?" aliuliza. Nikasema hapana. Akaendelea na uji wake.

Nikakaa ule mwaka. Nilichoona mahakamani hakikufanana na nilichosoma. Mashauri mengi niliyoyafuata yaliahirishwa. Watu walitoka vijijini mapema, wakakaa, wakasikia namba ya shauri lao na tarehe mpya, wakarudi bila kuelewa kilichotokea. Nilijifunza kuwaeleza pale koridoni, kwa Kisukuma, na dada akaniachia kazi hiyo. Niliandika viapo vya mirathi vingi mpaka nikawa naviona usingizini. Nilijifunza pia kunyamaza mteja anapoongea, jambo ambalo kwa mwalimu si rahisi.

Nilipokwenda Dar es Salaam watoto walibaki na mama yangu. Nilijiunga na kikundi cha vijana tangu juma la kwanza. Waliniita mama, nikawaacha waniite. Nilipita yote isipokuwa somo moja la taratibu za mashauri ya madai, nikarudia, nikapita. Mume wangu alikuja kwenye kuapishwa akiwa amevaa suti aliyoazima kwa shemeji yangu, mikono ikiwa mirefu kidogo.

Sasa niko Geita, nimeacha kufundisha na nina ofisi yangu. Kazi yangu kubwa ni mirathi na mikataba ya maduara, na siku hizi wenye mashamba wengine huja kuandikishiana kabla ya kuchimba. Wanafunzi wa sheria huja ofisini wakati wa likizo zao, kila mmoja na mwaka wake. Wa mwaka wa kwanza wanataka niwape orodha ya vitabu. Nawapeleka mahakamani kwanza. Wa mwaka wa mwisho wanataka nisome utafiti wao; nawauliza wapi. Wanaosubiri mafunzo ya uwakili ndio wagumu zaidi, maana hao wameshasifiwa sana, na siwezi kuwalaumu.

Mimi na dada, yule wa Shinyanga, tunaongea kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi uliopita nilimwambia nataka kusoma shahada ya pili, ya sheria za madini na ardhi. Alikataa palepale. Alisema ofisi yangu bado changa, watoto wako sekondari, na shahada ya pili haitamsaidia mjane wa mihogo kwa lolote. Nikamwambia hoja zake ni nzuri na zimepangwa vizuri, kama zile za kwenye kiapo. Akaguna. Nimeshaomba nafasi, nasubiri jibu la chuo.